Daftari la Nabintu

Alirudi kambini Julai na sauti iliyokauka,
fulana ya njano yenye mwali wa moto kifuani,
na ndara moja.
Ya pili, alisema, aliirusha jukwaani
usiku ule wa mwisho, wenzake walipokuwa wakianguka.
Nikauliza: Nyingine atanunua nani?
Akasema: Mama, unawaza ya dunia.

Ana miaka kumi na mmoja.

Mimi nakata nyama zamu ya usiku, kiwandani,
nje ya Amarillo, mahali upepo
unapoleta harufu ya ng'ombe hadi ndani ya chai.
Nikirudi alfajiri namkuta amepiga magoti
kati ya kochi na jokofu, anakemea.
Anamkemea shetani wa hesabu za sehemu,
shetani wa simu ya kaka yake,
na siku moja, kwa sauti ya chini, shetani wa uchovu wangu.
Huyo nilimwacha amkemee. Hakutoka.

Ana daftari la mistari, jalada lina farasi.
Kila aliyemwongoza sala ya toba anaingia humo
kwa kalamu ya zambarau: jina, tarehe, mahali.
Bwana Delbert, dereva wa basi la shule.
Muuza donati.
Watoto wawili wa foleni ya chanjo.
Kaka yake Bahati, mara tatu, maana hakai.
Mchungaji wa vijana, naye kijana, ndevu ndiyo kwanza zinaota,
huwabandikia nyota kwa kila roho kumi.

Ukurasa mmoja aliuacha wazi kwa ajili ya Hodan,
Hodan wa ghorofa ya chini, rafiki yake tangu tulipofika;
Kiingereza walijifunza pamoja, kwa kugombana.
Alimwambia ngazini, kwa upole,
kama mtu anayekuarifu kwamba basi litachelewa:
Utaungua, na mama yako pia, nami nitalia sana.
Tangu siku hiyo sahani ya sambusa haikupanda tena kwetu.

Na mimi? Mimi nilibatizwa Bukavu, mtoto mchanga.
Maji kidogo hayahesabiki, Mama.
Je, na bibi yako, aliyekufa na rozari mkononi?
Alinyamaza.
Ulikuwa ukimya wa mtu mzima, haukumtosha.

Jumamosi moja ya Oktoba nilivua sare mlangoni
damu isiingie ndani,
nikaiacha palepale, buti zimesimama wima,
nikajifunga kitenge, nikashuka na kapu la mashuka
kwenye mashine za kufulia.
Bahati alikuwa mazoezini.

Nabintu akaamka. Akakuta nguo bila mtu,
buti bila miguu,
redio ikiongea peke yake.
Basi tarumbeta imekwisha kulia, naye alikuwa amelala.

Yowe nililisikia juu ya kelele za mashine.
Nilimkuta peku, amejikunja
mapajani mwa mama yake Hodan,
mwenye unga hadi viwikoni, asiyejua aulize nini.
Mama amechukuliwa, alikuwa akisema,
Mama amechukuliwa, mimi nimeachwa.

Nilisimama na kapu langu.
Kumbe mimi wa maji kidogo nilihesabika.
Kumbe alikimbilia mlango pekee
aliokuwa na hakika kwamba bado una watu.
Hodan alikuwa amemshika kidole gumba cha mguu,
hasemi kitu, amekishika tu.

Usiku ule nililifungua daftari.
Ukurasa wa kwanza, kabla ya dereva, kabla ya nyota zote,
kulikuwa na jina lake mwenyewe. Si kwa zambarau. Kwa penseli.
Limeandikwa, limefutwa, limeandikwa,
Machi, Aprili, Juni, tena Juni,
hadi karatasi ikatoboka
na Bwana Delbert akaonekana upande wa pili.

Jumatatu nilimwomba msimamizi zamu ya mchana.
Akauliza sababu.
Nikamwambia: Nyumbani kuna mtu anaogopa kuamka.
Akasema ataangalia.